UZI: Tovuti ya umma na lango la kazi visikae chumba kimoja. Yaliyotukuta Moshi na namna tulivyovitenganisha

#1. Mleta mada, Moshi

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi.

Ninashughulikia kompyuta katika umoja wa vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa hapa Moshi. Umoja wetu una tovuti ya umma, ambako wanunuzi na wageni husoma habari za kahawa yetu, na una pia lango la ndani, ambako makatibu wa AMCOS (ndivyo vyama hivyo vya msingi) za Kibosho, Machame, Marangu na Rombo hupakia leja za mizani pamoja na majina ya wakulima, namba zao za simu na akaunti zao za malipo, ili wahasibu wa makao makuu wazifanyie kazi. Kwa miaka miwili vitu hivyo viwili vilikaa chini ya paa moja, na tulikuja kujua ubaya wake kwa njia ya aibu. Ninaandika ili anayejenga mfumo wa aina hii leo aanzie pale ambapo sisi tulifika kwa kuchelewa.

Mkulima mmoja alikwenda kwa katibu wake na simu mkononi. Mwanawe alikuwa ametafuta jina la baba yake kwenye Google, na jibu la pili kutoka juu lilikuwa faili la PDF lenye jina kamili la mzee, namba yake ya simu, namba ya akaunti ya benki, na kilo alizopeleka mizani kwa msimu mzima. Chini ya jina lake yalifuata majina ya majirani zake. Katibu alinitumia kiungo, nikakifungua kwenye simu yangu ambayo haijawahi kuingia kwenye lango letu, na faili likafunguka bila kuniuliza nywila wala jina.

Aliyetutengenezea tovuti alitumia WordPress (programu ya kutengenezea tovuti), akaliweka lango ndani ya tovuti hiyohiyo kwenye anwani inayoishia na /portal, kisha akaongeza programu-jalizi (kipande cha kuiongezea WordPress uwezo) inayodai nywila kabla ya kuonyesha ukurasa. Kwa kutazama, kazi ilikuwa safi: ukifungua ukurasa huo bila kuingia, unarudishwa kwenye fomu ya kuingilia. Kilichosahaulika ni kwamba programu-jalizi ile ililinda ukurasa wenye orodha ya mafaili, na haikuyalinda mafaili yenyewe. WordPress huweka kila kinachopakiwa ndani ya folda ya wp-content/uploads, ikipangwa kwa mwaka na mwezi, na mtu akiliomba faili kwa anwani yake kamili, seva humkabidhi moja kwa moja bila kuiuliza WordPress chochote. Mlinzi tulikuwa naye mlangoni, lakini dirisha la stoo lilikuwa wazi upande wa barabarani.

Juu ya hayo, seva ilikuwa imeachwa iorodheshe yaliyomo katika folda yoyote isiyo na ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo roboti ya utafutaji (programu ya kampuni kama Google inayopitia kurasa za wavuti) iliyofika kwenye folda ya mwezi mmoja ilikuta orodha nzima ya leja na kuzisoma moja baada ya nyingine. Lilikuwepo faili la robots.txt lenye mstari unaozikataza roboti kuingia /portal, na aliyeliweka aliamini kuwa hiyo ni kinga. Faili hilo ni ombi tu kwa roboti zenye adabu. Halimzuii mtu yeyote, na kwa kuwa kila mtu anaweza kulisoma, mstari ule ulikuwa ukiwaonyesha wapita njia mahali hasa lango lilipo.

Siku ile tulifanya mambo kwa mfuatano huu, na ninadhani mfuatano wenyewe ni muhimu. Kwanza tulinakili kumbukumbu zote za seva kabla ya kugusa kitu, kwa sababu ndizo zinazoonyesha ni anwani zipi zilichukua mafaili yapi na lini. Kisha tuliyatoa mafaili kwenye tovuti kabisa. Baada ya hapo ndipo tulipoiomba Google iyaondoe kwenye matokeo yake, kwa maana ombi hilo huficha matokeo kwa takriban miezi 6 tu, na faili likiwa bado lipo litarudi. Mwisho tuliwaeleza viongozi na wakulima wenyewe, kila chama kwa mkutano wake. Wapo waliotaka tunyamaze. Mimi nilikataa, kwa sababu mtu ambaye namba yake ya simu na akaunti yake vimeonekana hadharani anastahili kujua, ili atakapopigiwa simu na tapeli anayemtajia kilo zake awe na tahadhari. Tena, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhesabu sisi kuwa wakusanyaji wa taarifa za watu, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosimamia jambo hilo. Daftari la mizani si mali yetu ya kuchezea.

Sasa nije kwenye ujenzi mpya.

Uamuzi wa kwanza, ambao kwangu ndio unaobeba mengine yote, ulikuwa kulihamisha lango kutoka kwenye folda ya tovuti na kulipa jina lake lenyewe la kikoa, yaani kikoa tanzu chenye neno "kazi" mbele ya kikoa chetu cha or.tz. Wengi huona hilo ni suala la muonekano wa anwani, kumbe ni suala la namna kivinjari kinavyofikiri. Kivinjari hutenganisha tovuti moja na nyingine kwa kuangalia vitu vitatu: itifaki (http au https), jina la seva na namba ya mlango (namba inayotambulisha huduma ndani ya seva). Njia inayofuata baada ya jina, kama vile /portal, haimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo, kwa kivinjari, ukurasa wa habari za umoja na ukurasa wa leja za wakulima vilikuwa kitu kimoja, na msimbo wowote mbaya uliopenyezwa kwenye fomu ya maoni ya tovuti ya umma ungeweza kusoma leja kwa kutumia ruhusa ya mhasibu aliyekwisha kuingia. Tovuti ya umma, kwa asili yake, ndiyo yenye fomu, programu-jalizi, picha na wageni wengi, na ndiyo inayoshambuliwa kila usiku. Kuweka leja humo ni kulala barazani na sanduku la fedha.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha huku nyuma, kwa sababu kikoa tanzu peke yake ni pazia tu iwapo tovuti zote mbili zinaendeshwa na mtumiaji mmoja wa seva. Nywila ya hifadhidata ya WordPress imeandikwa waziwazi ndani ya faili lake la mipangilio, wp-config.php, na mdukuzi akishaiingia WordPress husoma kila faili ambalo mtumiaji huyo wa seva anaweza kulisoma. Tulikodi seva mbili ndogo: moja ya tovuti, moja ya lango. Hazina nywila ya pamoja, hazina hifadhidata ya pamoja, na ile ya tovuti haina ufunguo wowote wa kuingilia ya lango. Kuingia kwa SSH (njia ya msimamizi kuiendesha seva akiwa mbali) ni kwa funguo tu, nywila imezimwa, na fayawoli (ukuta unaochuja mawasiliano) ya lango inawaruhusu walio nje kupita milango ya 80 na 443 ya wavuti, na ule wa SSH kutoka ofisini peke yake.

Programu tuliyochagua kwa lango ni Nextcloud, ya kuhifadhi na kugawana mafaili, ambayo ni huria na ilianza mwaka 2016 ikitokana na programu nyingine, ownCloud. Hapo kuna jambo dogo linaloweza kurudisha msiba uleule. Ukiisakinisha bila kubadili chochote, folda ya data huwekwa ndani ya folda inayohudumiwa na seva, na kinachoizuia isisomwe ni faili la .htaccess, ambalo Apache, programu ya kuhudumia wavuti, hulifuata. Nginx, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, hailisomi .htaccess kabisa. Mtu anayetumia Nginx na kusahau kuandika makatazo hayo mwenyewe anakuwa ameliacha dirisha la stoo wazi kwa mara ya pili. Sisi tuliiweka data mahali pengine kabisa, nje ya folda ya wavuti, kisha nikaomba faili mojawapo kwa anwani ya kukisia kutoka kwenye simu isiyoingia, ili nijionee jibu la kukataliwa kwa macho yangu. Jaribio hilo huchukua dakika moja, na lingefanywa miaka miwili nyuma nisingekuwa naandika uzi huu.

Karibuni kwa maswali na masahihisho.

#2. Mchangiaji, Arusha

Mleta mada, nakushukuru kwa kueleza bila kuficha. Mimi niko kwenye shirika dogo la maji hapa Arusha, na sisi hatuna mtu wa kompyuta wa kudumu. Swali langu ni hili: kwa nini taasisi ndogo ijitwishe mzigo wa seva mbili, masasisho na fayawoli, wakati zipo huduma za Google na Microsoft ambazo wataalamu wao wanakesha kuzilinda? Kwa maoni yangu, seva isiyo na mwangalizi ni hatari kuliko huduma ya kulipia.

#3. Mleta mada, Moshi

Mkuu, hoja yako ni ya kweli, na kama hakuna mtu atakayeweka masasisho kila wiki, ninakushauri uchukue huduma ya kulipia bila kusita. Ila usidhani kwamba dirisha la stoo limekwisha kwa kuhamia huko. Katika huduma hizo kuna namna ya kugawa faili kwa "yeyote mwenye kiungo", na watu huitumia kwa sababu ni rahisi kuliko kuandika barua pepe za watu ishirini. Kiungo hicho kikishatumwa kwenye kundi la WhatsApp, faili limetoka mikononi mwako. Msimamizi anaweza kuizima namna hiyo kwa taasisi nzima, na hilo liwe jambo lako la kwanza. Kwenye Nextcloud nasi tumelazimisha kila kiungo cha nje kiwe na nywila na tarehe ya kufa.

Sababu zetu za kubaki na seva ya hapa nchini zilikuwa mbili. Sheria niliyoitaja ina masharti kuhusu kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi, na viongozi wetu walipenda leja zikae Tanzania. Ya pili ni ile siku ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota nchini. Huduma iliyo ng'ambo siku kama hiyo inakuwa haifikiki, ilhali ofisi na seva zilizo ndani ya nchi zinaweza kuendelea kuzungumza kupitia vituo vya kubadilishana mawasiliano, kama kile kilichopo hapo kwenu Arusha, mradi kampuni zenu za intaneti zimeunganishwa navyo. Muulize anayekuuzia seva swali hilo kabla ya kulipa.

#4. Mchangiaji, Moshi

Mimi natengenezea shule na vikundi tovuti kwa bei ya chini, na wateja wangu wengi wako kwenye hostingi ya pamoja (seva moja inayogawanywa kwa wateja wengi) yenye cPanel, paneli ya kusimamia akaunti. Seva mbili hawataziweza. Nifanye nini walau?

#5. Mleta mada, Moshi

Mkuu, walau usiliweke lango kama kikoa tanzu ndani ya akaunti ileile ya cPanel, kwa sababu vikoa vyote vya akaunti moja huendeshwa na mtumiaji mmoja wa seva, na tatizo la wp-config.php nililolieleza linabaki palepale. Nunua akaunti ya pili ya bei ndogo, elekeza kikoa tanzu huko kwa rekodi ya DNS (daftari linaloonyesha jina la kikoa liko seva gani), na uweke lango humo peke yake. Zima uorodheshaji wa folda katika akaunti zote mbili. Mafaili ya siri yawekwe katika folda iliyo juu ya public_html (folda inayoonekana na umma), sio ndani yake, na yatolewe na programu baada ya kukagua ni nani anayeomba.

Na ikiwa siku moja utaifunga akaunti hiyo ya pili, ifute kwanza ile rekodi ya DNS. Rekodi inayoelekea mahali ambapo hupamiliki tena ni mwaliko kwa mtu mwingine kupachukua na kuzungumza na wateja wako kwa jina lako.

#6. Mchangiaji, Arusha

Salaam kwenu wakuu. Nimekuwa msimamizi wa seva kwa muda mrefu hapa Arusha na ningependa kuongeza mambo ambayo mleta mada ameyagusa kwa juu.

La kwanza ni vidakuzi, vile vipande vya taarifa ambavyo tovuti huviweka kwenye kivinjari ili ikutambue. Ni kweli kwamba kikoa tanzu hutenganisha kurasa, lakini vidakuzi vina kanuni yao. Tovuti ya umma inaweza kuweka kidakuzi kwa ajili ya kikoa kizima, na kidakuzi hicho kitapelekwa hadi kwenye lango. Mdukuzi aliyeiteka tovuti anaweza kutumia njia hiyo kulipandikizia lango kidakuzi chake. Dawa ni kiambishi cha __Host- mwanzoni mwa jina la kidakuzi, ambacho kivinjari hukikubali tu iwapo kimewekwa kwa HTTPS (mawasiliano ya wavuti yaliyofungwa kwa siri), hakina kikoa kilichotajwa, na njia yake ni mzizi (yaani / peke yake). Nextcloud hukitumia kiambishi hicho kwa vidakuzi vyake vya kuzuia maombi ya ulaghai, lakini kwa sharti la kuwa imewekwa kwenye mzizi wa jina lake. Mtu aliyeiweka ndani ya /portal au /cloud anakikosa. Hiyo ni sababu nyingine ya kumuunga mkono mleta mada.

Kumbukeni vilevile kwamba ulinzi wa SameSite, unaozuia vidakuzi visiambatane na maombi yanayotoka tovuti nyingine, hausaidii hapa kama wengi wanavyodhani. Kwa kivinjari, tovuti na kikoa tanzu chake ni jamaa wa ukoo mmoja, kwa hiyo ombi linalotoka kwenye tovuti iliyotekwa kuelekea kwenye lango huhesabiwa kuwa limetoka nyumbani. Taasisi yenye siri nzito kweli ilipe lango kikoa tofauti kabisa.

La pili: msitegemee jina la kikoa tanzu kuwa siri. Kila cheti cha HTTPS (hati inayothibitisha seva kwa kivinjari) kinachotolewa na watoaji wanaoaminiwa na vivinjari huandikwa kwenye daftari la wazi ambalo mtu yeyote anaweza kulitafuta. Nimeshuhudia lango lililopewa jina refu la ajabu likianza kubishiwa hodi na roboti dakika chache baada ya cheti chake kutolewa.

La tatu ni hilohilo la vyeti. Let's Encrypt hutoa vyeti bure, na cheti chake cha kawaida hudumu siku 90, ambapo programu hukihuisha yenyewe. Mteja wangu mmoja aliufunga mlango wa 80 kwa nia njema kabisa, akisema yeye anatumia HTTPS pekee. Njia ya uthibitisho aliyokuwa ameichagua ilihitaji mlango huohuo, kwa hiyo uhuishaji ulikwama kimyakimya, na siku ya 91 wafanyakazi wote walikutana na onyo jekundu. Kilichoniumiza si onyo. Ofisa mmoja aliwaandikia wenzake maelekezo, hatua kwa hatua, ya namna ya kulipita onyo hilo. Tangu siku hiyo watu wale walikuwa wamefundishwa kupita onyo lolote, hata la kweli. Wekeni kengele itakayowaambia cheti kikibakiza siku 20, na uacheni mlango wa 80 wazi kwa kazi ya kuelekeza watu HTTPS na kuhuisha cheti tu.

#7. Mchangiaji, Rombo

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa kompyuta, ni katibu wa chama cha msingi, na lango kama hilo ndilo tunalolitumia. Ningeomba mtufikirie na sisi tulio kwenye mizani. Tuliwekewa zile namba sita za kwenye simu, za kuingiza baada ya nywila. Kuna wiki moja zilikataliwa kila nilipoingiza, wakulima wakiwa kwenye foleni na debe zao, na mimi nikaonekana sijui kazi. Mwisho nikaomba akaunti ya mwenzangu wa chama jirani ambaye hakuwa amewekewa. Je, ni lazima kweli? Na kwa nini zisije kwa meseji kama za benki?

#8. Mleta mada, Moshi

Marahaba, katibu. Pole kwa wiki hiyo, na ninaomba radhi kwa niaba ya sisi tunaokaa mezani, maana kwetu pia ilitokea na kosa halikuwa la makatibu.

Zile namba sita hazitoki kwenye mtandao. Simu yako na seva vina siri moja vilivyokabidhiana siku ulipopiga picha ule mchoro wa mraba, na kila sekunde 30 kila kimoja hukokotoa namba kutokana na siri hiyo na saa yake. Kwa sababu hiyo inafanya kazi hata pale ambapo simu haina mtandao, jambo ambalo meseji haiwezi. Ila saa zikipishana, namba hazilingani. Kwetu, saa ya seva ilikuwa nyuma kwa dakika nne. Tulipokaza fayawoli tulizuia seva isitoke nje isipokuwa kwa milango michache, na mlango wa 123 wa UDP, ambao seva huutumia kuulizia saa, hatukuukumbuka. Seva ikaachwa na saa yake peke yake, ikachelewa kidogokidogo kila siku, mpaka asubuhi moja namba za makatibu wote zikakataliwa kwa pamoja. Mwambie msimamizi wenu aandike timedatectl kwenye seva na asome kama saa imelinganishwa. Na wewe kwenye simu hakikisha saa imewekwa ijipange yenyewe.

Meseji tuliikwepa kwa sababu mtu akifanikiwa kuichukua laini yako kwa udanganyifu, meseji zinamfuata yeye. Na kwa siku mbaya, Nextcloud hukupa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Sisi tulizichapisha kwenye karatasi, na kila katibu ameifungia yake kwenye kasha la chama pamoja na mihuri.

Lile la kuazima akaunti ya mwenzako ndilo linalonitia hofu, ingawa sikulaumu, foleni ikiwa mbele yako. Leja uliyoingiza siku ile imeandikwa jina la katibu mwingine. Kilo zikibishaniwa mwisho wa msimu, kumbukumbu itamtaja mtu ambaye hakuwepo kwenye mizani yenu. Ombeni muwe na namba ya simu ya ofisini ambayo mnaweza kuipiga siku ya ununuzi na kusaidiwa papo hapo. Sisi tuliiweka, na tangu hapo sijasikia akaunti ikiazimwa.

#9. Mchangiaji, Rombo

Nimeelewa, asante. Nitamwambia hilo la saa.

#10. Mchangiaji, Arusha

Mleta mada, hujasema lolote kuhusu nakala za akiba, wala kuhusu wanaoondoka. Na je, nywila mnawabadilishia watu kila mwezi? Mkaguzi wetu amelidai hilo.

#11. Mleta mada, Moshi

Nywila hatuwalazimishi kuzibadili kwa kalenda. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 ilishauri nywila ibadilishwe pale tu panapokuwa na dalili kuwa imevuja, na nilichokiona kwa macho yangu kinaafiki: katibu aliyelazimishwa kila mwezi aliongeza tarakimu mwishoni na kuiandika ukutani, juu kidogo ya mizani. Tunadai nywila ndefu, sentensi ya maneno manne au matano ya Kiswahili au ya Kichaga, pamoja na zile namba sita.

Wanaoondoka wametusumbua zaidi kuliko wadukuzi. Vyama hufanya uchaguzi, katibu anabadilika, na taarifa haifiki ofisini. Tulipozipitia akaunti mara ya kwanza tulikuta watu sita waliokwisha kuacha kazi wakiwa bado wanaona leja, mmoja wao akiwa sasa anafanya kazi kwa mnunuzi binafsi. Hakuna aliyefanya ubaya, lakini mlango ulikuwa wazi. Sasa ruhusa zote zinatolewa kwa kundi la chama, si kwa mtu mmoja mmoja, na fomu ya makabidhiano ya ofisi, ile wanayosaini kwa ajili ya mizani, mihuri na vitabu, imeongezewa mstari wa akaunti. Mwenyekiti hawezi kusaini mpaka nimempa namba ya uthibitisho kwamba akaunti ya zamani imefungwa.

Kuhusu nakala: kila usiku seva ya lango huingia kwenye hali ya matengenezo kwa amri ya occ maintenance:mode --on, hifadhidata inanakiliwa, kisha data na faili la usanidi (la mipangilio ya Nextcloud), ndipo hali hiyo inazimwa. Vitu vyote vitatu lazima viwe vya saa moja, kwa sababu hifadhidata ya leo na data ya jana haziivi chungu kimoja. Nakala moja hubaki ofisini kwenye diski, nyingine huenda kwenye seva ya tatu, ikiwa imesimbwa (imefungwa kwa ufunguo wa siri) kabla ya kuondoka. Ni seva hiyo ya tatu inayokuja kuchukua nakala. Seva ya lango haina ruhusa ya kuingia huko, ili atakayeiteka asiweze kuzifuta.

Jaribio la kurejesha tulilifanya kwa mara ya kwanza Jumamosi moja, mimi na mhasibu mmoja, kwenye kompyuta ya mezani isiyo na kazi. Mafaili yote yalirudi, lakini hakuna aliyeweza kuyafungua: nakala yetu ilikuwa inaliruka faili la usanidi, na humo ndimo zilimo siri ambazo mafaili yetu yaliyosimbwa yanazitegemea. Tulilirekebisha siku hiyohiyo, tukarudia Jumamosi iliyofuata, na mhasibu akafungua leja ya Machame ya mwezi uliopita, akaijumlisha kwa kikokotoo chake cha mezani, akapata kilo zilezile zilizokuwa kwenye kitabu.